Oili Nzito, Usukani Mzito: Yaliyotupata Nyarusange



Ukurasa huu umezoea habari za mishahara, likizo na mikataba. Safari hii tunaomba ruhusa yenu tuzungumze habari ya oili. Msicheke. Oili isiyojaza hata chupa moja ya soda ilimfanya mama mmoja mchambuzi wa kahawa avunjike mkono huko Nyarusange, na shoferi mwenye watoto sita akaandikiwa barua ya kukatwa mshahara. Sisi wa kamati ya tawi tulipopokea shauri lile hatukujua lolote juu ya jambo hili. Elimu yetu ni ya shule ya msingi. Lakini tuliuliza, tukajifunza, na tuliyojifunza yanamhusu kila apandaye gari la kazini, awe ameshika usukani au amekaa nyuma juu ya magunia.

Nyarusange tunayoitaja ni ile ya Gitega, ndugu zetu wa Muyinga wasidhani tunawasema wao. Ni nchi ya vilima, kahawa na migomba, na barabara za udongo zenye kona moja nyuma ya nyingine. Kituo cha kuoshea kahawa ambako mambo haya yalitokea hatukitaji jina, maana shauri limekwisha na walioko pale sasa si wale wa siku zile. Gari lao lilikuwa Toyota Land Cruiser kuukuu, pikapu, lenye usukani wa nguvu za mikono tu. Lilipeleka kahawa Gitega mjini na kurudi na watu.

Mwaka 2017, mwezi wa Aprili, wakati kahawa imeiva, gari lile lilianza ugonjwa. Likifika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kisha gurudumu la mbele likigonga shimo, usukani ulitetemeka mikononi mwa shoferi, kushoto kulia, kushoto kulia, kama mtu aliyeshikwa na malaria. Haukuacha mpaka apunguze mwendo karibu na kusimama. Shoferi alisema kwa mtunza stoo, akasema kwa kapita, akasema kwa shefu mwenyewe. Alisema kwa mdomo. Hakuna karatasi hata moja aliyoandika, na hilo lilitugharimu baadaye.

Mwishoni fundi aliitwa kutoka sokoni. Akalala chini ya gari, akaona kwamba shokapu ya usukani imekauka. Kila mtu anaijua shokapu ya springi, wengine huiita amotisa kwa Kifaransa. Hii ya usukani ni ndugu yake mdogo. Hulala ubavu chini ya gari, upande mmoja umefungwa kwenye vyuma vinavyogeuza magurudumu, upande mwingine kwenye chesisi. Ndani yake mna silinda iliyojaa oili, na pistoni yenye matundu madogo. Magurudumu yakigeuka, pistoni inasukumwa, na oili inalazimika kupita katika matundu yale. Kazi yake ni hiyo tu, kuizuia oili kidogo ili gurudumu lisicheze ngoma lenyewe.

Shokapu mpya ilikuwa na bei, na shefu alikataa kununua. Fundi akafanya kama mafundi wetu wafanyavyo: akatoboa ile ya zamani, akabadilisha sili, akaomba oili stooni ili aijaze, halafu akaziba kwa kuchomea. Stooni mlikuwa na kopo la oili ya giaboksi, namba 90. Akajaza hiyo. Saa saba ya mchana, jua kali, gari likajaribiwa barabarani mpaka kwenye mashimo yote yanayojulikana. Mtetemeko haukuonekana tena. Fundi akasifiwa, akalipwa, akaenda zake.

Ukweli ni kwamba shoferi alianza kulalamika tena baada ya siku chache, kwamba asubuhi usukani ni mzito. Akajibiwa kwamba uzito huo ndio dawa ya mtetemeko. Akanyamaza.

Ukaja mwezi wa Juni. Wenyeji wa milima ya Gitega wanaijua baridi ya alfajiri ya kiangazi. Siku hiyo gari liliondoka kabla ya jua, lina magunia na wachambuzi wanne nyuma. Kwenye mteremko kuna kona ya kulia ikifuatwa papo hapo na ya kushoto. Shoferi akakata kulia, halafu akaulegeza usukani urudi wenyewe kama kawaida ya gari lolote. Usukani haukurudi. Ukabaki pale alipouacha. Alipouvuta kwa nguvu ukaja polepole, na gari likawa limekwisha ingia mtaroni. Wanaume waliruka. Mama mmoja hakuwahi.

Barua ilikuja siku ya tatu. Ilisema gari lilitengenezwa juzi juzi na kujaribiwa mbele ya mashahidi, basi kosa ni uzembe wa shoferi, na gharama za matengenezo zitakatwa katika mshahara wake kwa miezi sita. Juu ya mama yule aliyevunjika hapakuwa na neno. Alikuwa kibarua wa msimu.

Kamati ilikaa usiku. Mmoja wetu alisema tukamwombee msamaha, maana gari kweli lilitengenezwa. Wengine tukasema mtu hawezi kuomba msamaha kwa kosa ambalo bado halijajulikana. Tukachanga nauli, wawili wetu wakapanda basi kwenda Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako mafundi wa magari ni wengi kuliko wachuuzi wa mkate. Tulikuwa tumeelekezwa kwa mzee mmoja aliyeanza ufundi kabla sisi hatujazaliwa. Tulimkuta amekaa juu ya injini iliyopinduliwa, anakunywa chai ya tangawizi. Tukamweleza yote. Aliuliza swali moja tu:

“Mlitia oili gani?”

Tulipomjibu namba 90, aliweka kikombe chini. “Wanangu, mmemfunga mtu miguu, halafu mnamlaumu kwa kutokimbia.”

Mafundisho yake yalichukua mchana mzima, nasi tunayaandika hapa kwa namna tulivyoyaelewa, pamoja na yale tuliyoyasoma baadaye.

Gari za mwanzo kabisa hazikuwa na kifaa hiki. Zilikwenda polepole juu ya tairi nyembamba na ngumu, na magurudumu ya mbele hayakuwa na breki. Kuanzia mwaka 1923 zilitoka Marekani tairi pana zenye upepo mchache, zikapendwa kwa kuwa laini, na miaka hiyo hiyo breki zikaanza kufungwa mbele. Hapo ekseli ya mbele ikawa nzito na tairi zake zinanesa kama mpira wa kuchezea. Ugonjwa wa kutetemeka ukaenea ulimwenguni. Kwa hiyo shoferi wa Nyarusange alikuwa anaumwa ugonjwa uliokuwa umewatesa madereva wa kule karibu miaka mia moja kabla yake.

Dawa ya zamani ilikuwa msuguano, yaani sahani zilizobanwa kwa bolti ili zikwaruzane. Lakini msuguano hauna akili. Hubana vilevile ukigeuza polepole au ukigongwa ghafla, na shoferi anachoka hata anapoegesha gari. Oili ina akili zaidi. Ukiisukuma polepole inapita bila ubishi; ukiigonga ghafla inakataa. Shoferi anayekata kona anasukuma polepole, shimo linagonga ghafla. Kwa hiyo shokapu nzuri humwachia shoferi nafasi na kulikatalia shimo.

Mfaransa mmoja, Houdaille, alitengeneza shokapu za oili kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Zilikuwa za duara, ndani mna bawa linalozunguka na kuibana oili ipite pembeni. Ford waliziweka kwenye springi za gari lao la Model A lililotoka mwishoni mwa 1927, na ndani yake walitia gliserini, kitu kinachofanana na asali nyepesi. Tunawaletea hesabu yake kwa sababu inafundisha. Katika joto la nyuzi 20, gliserini safi ni nzito kuliko maji kama mara 1,400. Ipashe ifike nyuzi 40 tu, inabaki na kama moja ya tano ya uzito ule. Tena hunyonya unyevu wa hewa, na maji yakiingia sehemu 5 katika 100 inapoteza zaidi ya nusu. Ndiyo maana shokapu zile zilikuwa na sindano ya kurekebisha tundu, maana bila hiyo gari la asubuhi na gari la mchana lingekuwa magari mawili mbalimbali.

Hapa tusimame kidogo, maana neno uzito limewahi kutuchanganya. Tunaposema oili nzito hatusemi habari ya mizani. Oili ya giaboksi huelea juu ya maji kama oili nyingine. Tunasema unene wake, ule ugumu wa kumiminika. Wataalamu huuita mnato.

Na mnato hubadilika kwa joto kuliko tulivyofikiri. Sisi watu wa milimani tunanunua mawese ya Rumonge. Kando ya ziwa yanamiminika mekundu na mepesi, lakini yakilala usiku mmoja huku kwetu unayakuta yameganda chupani, inabidi uchupa ukae karibu na moto. Oili ya gari haigandi namna ile ile, lakini inaelekea huko huko. Gari litokalo Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu, likashuka mpaka Bujumbura chini ya mita 800, linabadilisha oili yake njiani bila mtu kugusa spana.

Mzee alieleza pia kwa nini tundu lina maana kubwa kama oili. Katika karne ya 19 daktari mmoja wa Ufaransa, Poiseuille, alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita katika mishipa myembamba. Aligundua kwamba kwenye mfereji mwembamba na mrefu, ukipunguza upana kwa nusu, unahitaji nguvu mara 16 kupitisha kiasi kile kile. Na ukiongeza mnato mara mbili, nguvu nayo inaongezeka mara mbili. Shokapu za zamani zilikuwa za namna hiyo, njia nyembamba na ndefu, zikitawaliwa kabisa na unene wa oili. Watengenezaji wa baadaye wakatumia matundu mafupi yenye ukingo mkali na valvu za springi, ambamo unene haupewi madaraka yote. Lakini valvu hizo nazo zimepimwa kwa oili maalumu iliyo nyepesi sana. Wepesi wake, ndugu zetu, unakaribia ule wa oili ya cherehani. Ile ya giaboksi tuliyotia sisi ni nzito kuliko hiyo zaidi ya mara kumi.

Mzee aliongeza jambo ambalo lilitushangaza: oili nzito mno inaweza hata kurudisha mtetemeko iliyotiwa kuuondoa. Pistoni ikivutwa ghafla, oili nzito haiwahi kuifuata. Nyuma ya pistoni panabaki utupu, na pistoni inaporudi inapita katika utupu ule bila kuzuiwa. Halafu kuna hewa. Fundi akifunga shokapu bila kuitoa hewa yote, pistoni inabana hewa badala ya oili, na hewa hukubali kubanwa na mtu yeyote.

Kijana wetu aliyekuwa pale akauliza, je, tukiichanganya ile 90 na mafuta ya taa ili iwe nyepesi? Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kwanza hujui umefikia unene gani. Pili mafuta ya taa ni adui wa sili nyingi za mpira. Ikiwa nyepesi kupita kiasi inapita matundu kama maji, na inavuja mapema zaidi, unarudi kwenye mtetemeko wa Aprili. Oili ya breki nayo marufuku. Wala oili ya shokapu isitiwe kwenye breki, maana mpira wa breki huvimba na siku moja pedali inakwenda chini peke yake.

Mtunza stoo wetu alikuwa na hoja yake ambayo tuliibeba mpaka Buyenzi: kwamba oili 90 ni nzito mara tatu ya oili 30 ya injini, na wao walitaka nzito. Hata hilo si kweli. Namba hizi zinatoka kwa chama cha mainjinia wa magari wa Marekani, walioandika jedwali la kwanza mwaka 1911. Oili za injini zina ngazi yake na oili za giaboksi zina ngazi nyingine. Oili ya giaboksi 90 ina unene unaokaribiana na oili ya injini 50. Namba kwenye kopo ni jina la daraja, haigawiwi wala haizidishwi.

Tuliporudi Nyarusange tulikuwa na chupa ndogo ya oili ya shokapu tuliyoinunua Buyenzi, na maneno mengi. Maneno hayatoshi mbele ya shefu. Tukachukua makopo mawili ya nyanya yanayolingana, tukayatoboa chini kwa msumari mmoja. Tukamwomba shefu aje ofisini alfajiri, saa kumi na mbili kasoro. Alikuja, jambo ambalo tunamshukuru. Katika kopo moja tukamimina oili ya shokapu, katika jingine ile 90 kutoka kopo lake mwenyewe la stooni. Ile ya kwanza ilikwisha kabla hajamaliza kusaini daftari la mahudhurio. Ya pili ilikuwa bado inadondoka alipomaliza chai yake.

Hatukubuni kipimo hicho. Waingereza walikuwa na kikombe cha Redwood, Wamarekani cha Saybolt, Wajerumani cha Engler, vyote vikombe vyenye tundu chini na mtu mwenye saa mkononi. Sisi tulikuwa na kopo la nyanya.

Saa saba mchana tukarudia, makopo yakiwa yamekaa juani. Ile 90 sasa ilitoka haraka kuliko asubuhi, kila mtu aliona. Hapo ndipo shauri lilipogeuka. Gari lilijaribiwa saa saba, limekwisha zunguka, lina joto. Ajali ilitokea alfajiri. Mashahidi wa fundi walisema kweli na shoferi naye alisema kweli.

Mwishoni tukafungua shokapu yenyewe kutoka kwenye gari, tukaiacha nje usiku, na asubuhi tukamwambia kapita aisukume. Ni mtu mwenye kifua. Alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na chuma kikaingia polepole kama kijiko katika ugali.

Shefu aliifuta barua. Shokapu mpya ilinunuliwa mwezi wa Agosti, baada ya kukumbushwa mara mbili. Na ilipofungwa, fundi mwingine aligundua kwamba kingipini zimelegea na gurudumu moja halina balansi, na hapo ndipo mtetemeko ulipokuwa umezaliwa tangu mwanzo. Shokapu ya usukani haiponyi vyuma vilivyochakaa. Inavifunika tu, kama mtu anayemeza panadoli akiwa na jipu. Wenzetu mnaoendesha malori ya chai na ya kahawa, usukani ukitetemeka anzeni kwenye kingipini, tairodi, beringi za magurudumu na tairi zenyewe, halafu ndipo muitazame shokapu. Kama inavuja, aandikwe mtu wa kununua nyingine. Kama lazima ijazwe, iwe oili ya shokapu, na gari lijaribiwe asubuhi na mapema, si mchana. Halafu mwandike kwenye daftari la gari ni oili gani imetiwa, siku gani, na nani. Sisi tulishinda kwa bahati, kwa kuwa kopo la oili lilikuwa bado stooni. Lingekuwa limetupwa, tungekuwa na maneno ya shoferi peke yake.

Mama yule mkono uliunga, ingawa haunyooki sawasawa. Gharama za hospitali zililipwa nusu na mwajiri, nusu kwa mchango wetu. Msimu uliofuata alirudi mezani kuchambua, akitumia zaidi mkono wa kushoto.

Makato ya mwezi wa Julai yalikuwa yamekwisha katwa kabla barua haijafutwa. Tuliyadai kwa maandishi mara nne. Shoferi aliacha kazi mwaka 2020 bila kurudishiwa.